Kuzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke kwa miguu: fuata mchanga

Watu wengi tukipanda matatu Mombasa kwenda Malindi tunauona huu msitu dirishani, mkono wa kushoto, miti tu na miti tu, alafu tunasinzia mpaka tusikie konda anaita Gede. Mimi nilipita hivo miaka na miaka. Siku niliyokuja kushuka na kuingia ndani ndo nikajua nilikuwa napita mlangoni kwa tajiri bila kubisha hodi.

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, ndo kipande kikubwa kabisa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani hapa Afrika Mashariki, na kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba sio msitu mmoja. Ni mitatu, imelazwa sambamba kutoka baharini kwenda bara, na kinachoitenganisha si mto wala mlima, ni mchanga. Ukiwa kwa mchanga wa kijivu uko kwa msitu mmoja, mchanga ukiwa mweupe umeingia wa pili, ukiwa mwekundu uko wa tatu, na miti inabadilika, ndege wanabadilika, hadi joto linabadilika. Kwa hivo mwongozo wangu mzima umekaa hapo: ukitembea angalia chini kwanza, alafu juu.

Hii safari ni ya mtu wa kawaida, sio lazima uwe mtu wa mazoezi. Hakuna kupanda mlima. Kinachochosha ni mchanga wenyewe na jua, na urefu, manake mzunguko mzuri wa miguu ni asubuhi nzima. Mama yangu mdogo ana miaka zaidi ya hamsini na tulienda naye, akamaliza vizuri tu, tulipumzika mara tatu.

Hatua ya kwanza: tafuta mwongozaji, kabla hata ya kutafuta viatu

Naanza na hii kwa sababu ndo ile watu wanaruka. Kuna chama cha waongozaji wa Arabuko-Sokoke, ni vijana na wazee wa hapo hapo vijijini pembeni ya msitu, wengi ni Wagiriama, na unawapata kupitia kituo cha msitu cha Gede. Piga simu siku moja au mbili kabla, ama pita kituoni jioni yake kama umelala Watamu au Malindi, useme unataka kutembea na wewe si mtu wa gari.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kupotea. Huu msitu sehemu kubwa ni tambarare, huku unakotembea hakuna kilima cha kukuonyesha bahari iko wapi, na njia za ndani zinafanana kama pacha, unapinda kona mbili tu tayari hujui ulikotoka, na jua likiwa kichwani saa sita halikusaidii kitu. Niliwahi kumfuata ndege mmoja nikaacha njia hatua kama thelathini hivi, nikageuka, nikaona kichaka kila upande sawasawa. Nilisimama tu pale pale nikaita, mwongozaji akanijibu kutoka upande ambao mimi ningeapa kwamba ni wa baharini, kumbe ni bara. Simu inasaidia ukiwa umedaunlodi ramani mapema lakini netiwaki ndani inakuja na kupotea, usiitegemee.

Ya pili ni ndovu. Wako, ni wa kweli, na huu msitu umezungushiwa waya wa umeme ili wasitoke kwenda mashambani, maana yake wako ndani pamoja na wewe. Nitarudi kwao huko mbele.

Alafu kuna sababu ya tatu ambayo si ya usalama. Bila hawa watu utatembea kilomita kumi uone majani. Mwongozaji anasikia kitu unachosikia wewe na anakiona, wewe unasikia kelele tu. Mwambie mapema unachotaka: mimi husema "nataka mchanga wote mitatu, na nataka twende polepole". Akijua hivo atakupangia. Muulize bei kabla hamjaanza, mkubaliane, na kama amekufurahisha muongeze, hiyo kazi haina mshahara wa mwisho wa mwezi.

Hatua ya pili: siku na saa

Saa kumi na mbili asubuhi uwe kituoni. Sio saa moja, sio "nakuja nakuja". Wanyama wa huu msitu wanatembea alfajiri na jioni, na ikifika saa nne jua limeshachoma, ndege wamenyamaza, msitu unakuwa kimya kama nyumba ya watu waliolala. Nimewahi kuanza saa tatu na nusu kwa sababu wenzangu walitaka chai kwanza, tukaona nyani wawili na vipepeo, basi.

Kuhusu miezi: Aprili na Mei mvua ya masika inaponda, njia zinageuka madimbwi na mbu hawasemeki, mimi siendi. Kuanzia Julai mpaka Septemba ni baridi kidogo ya pwani, upepo wa kusi, hapo kutembea ni raha. Januari mpaka Machi ni joto kali lakini msitu ni mkavu na majani yamepungua, unaona mbali zaidi. Kama unapenda vipepeo basi nenda mara baada ya mvua kukatika, huu msitu una aina zaidi ya 260 za vipepeo na wakati huo wanajaa njiani kwenye matope wanakunywa, unatembea wanapaa mbele yako kama karatasi.

Hatua ya tatu: unavaa nini, unabeba nini

Nguo kwanza. Suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu, rangi ya udongo au kijani kilichofifia. Usivae nyeusi wala bluu iliyokolea! Kuna mbung'o humu, na mbung'o wanapenda hizo rangi mbili sana, hata mitego yao inatengenezwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Nilivaa jinzi nyeusi mara yangu ya kwanza, jinzi haizuii kitu, wanapitisha mdomo hapo hapo kitambaani na inauma kama sindano ya hospitali.

Viatu: raba nzuri inatosha, si lazima buti. Iwe imefungwa pande zote, usiende na sendo. Soksi ndefu, na ingiza mguu wa suruali ndani ya soksi, najua unaonekana kama mwanafunzi wa skauti lakini hiyo ndo dawa ya kupe na siafu. Siafu wakivuka njia usisimame kuangalia, ruka uendelee.

Maji lita tatu kwa mtu mmoja. Narudia, tatu. Ndani hakuna duka, hakuna bomba, na yale madimbwi ni ya ndovu. Beba na kitu cha chumvi chumvi, njugu au viazi karai vya jana, na ndizi, na mahamri kama umepata asubuhi pale Gede stendi. Dawa ya mbu ya kujipaka. Kofia. Darubini kama unayo ama azima, manake ndege wengi wako juu. Tochi ndogo. Kanga au leso moja, hiyo inafanya kazi zote: kukalia, kujifunika, kufunga mkono ukiumia. Na mfuko wa kurudisha taka zako.

Muziki wa simu, hapana. Marashi makali, hapana pia.

Hatua ya nne: kufika na kulipa

Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi, ni kama saa mbili hivi kama hakuna msongamano Mtwapa, mwambie konda ushuke kituo cha msitu Gede, kiko kando ya barabara kubwa kabla hujafika njia panda ya Watamu. Lakini kwa ile saa kumi na mbili matatu ya Mombasa haitakufikisha, kwa hivo lala Watamu, Gede au Malindi, alafu chukua boda au tuktuk alfajiri. Kutoka Malindi ni chini kidogo ya kilomita ishirini.

Malipo ya kuingia siku hizi ni ya eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, kwa simu. Fanya ukiwa bado hotelini au nyumbani kwenye netiwaki nzuri, weka ile risiti kwa simu. Bei inabadilika na raia, mkaazi na mgeni wa nje hawalipi sawa, angalia siku hiyo hiyo. Beba kitambulisho.

Sasa tuingie.

Mchanga wa kijivu

Hapa nyuma ya kituo unaanza na msitu mchanganyiko, ule wa upande wa bahari ambao unapata mvua nyingi zaidi, karibu milimita 1000 kwa mwaka, wakati kule ndani kaskazini magharibi inashuka mpaka kama 600. Mchanga ni wa kijivu, laini, umefunikwa na majani makavu. Kuna giza kidogo na ubaridi. Hapa ndo pa kwenda polepole kuliko pote, na hapa ndo wengi wanapita mbio kwa sababu bado wana nguvu za asubuhi.

Tafuta mbambakofi. Ni ule mti ambao mbao zake zilitengeneza milango ya kuchonga ya miji yetu, na mbegu zake utaziokota chini, nyeusi zenye kofia nyekundu, nzuri ajabu. Ziangalie uziache pale. Mibambakofi mikubwa ilivunwa sana zamani, ile iliyobaki ukimwona mwongozaji anaigusa usishangae, hata mimi naigusa. Kuna na mtandarusi, huo ndo unaotoa sandarusi, ile gundi iliyokuwa ikisafirishwa kutoka mwambao huu kwenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Ukiona tone limekauka kwenye gome kama kioo cha njano, ndo hiyo. Na chini kabisa kivulini kuna mtapo, unafanana na mnazi mfupi uliokataa kukua, majani yake yana miba, hiyo ni mimea ya ukoo wa kale sana kuliko maua yote unayoyajua.

Hapa pia ndo kwa sengi. Sikiliza vizuri kwa sababu huyu ndo sababu yangu mimi ya kurudi. Sengi wa hapa ana matako ya rangi ya dhahabu, kweli dhahabu, mwili umekuwa kahawia ya damu ya mzee na huku nyuma kumepakwa manjano inayong'aa, pua ndefu inachezacheza, ukubwa ni kama sungura mdogo, nusu kilo hivi. Karibu wote waliobaki duniani wako kwenye huu msitu na vipande vichache jirani vya pwani yetu. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, na wanalala kwenye viota vya majani chini ardhini ambavyo wewe utaona ni rundo tu la majani.

Jinsi ya kumwona: simama. Hiyo tu. Simama dakika kumi bila kuongea, uegemee mti, usikilize majani makavu. Ndege akichakura anachakura kidogo anaacha, anachakura anaacha. Sengi anakwenda moja kwa moja, shhh shhh shhh, alafu kimya, alafu unamwona hatua kama kumi mbele yako anaingiza pua chini ya majani anatafuta wadudu. Ukitikisika anakimbia kwa kurukaruka na kupiga mkia chini, na kile unachobaki nacho ni ile rangi ya dhahabu inayeyuka kivulini. Mara ya kwanza nilipomwona nilijikuta nimeshika mdomo.

Juu mtini kuna kima, na hondohondo wakipaa utadhani ni feni kubwa inawashwa, mabawa yao yana sauti. Paa wadogo wapo wa aina kadhaa, adimu kuliko wote ni paa nunga, ambaye mbali na hapa na misitu michache ya pwani ya Kenya anajulikana Zanzibar tu, kwa hivo ndugu zangu wa Unguja mkija mtamkuta jamaa yenu. Sijawahi kumwona kwa uhakika hapa, nimeona kitu kidogo chekundu kikivuka njia mara mbili, siwezi kuapa.

Mchanga mweupe

Ukielekea magharibi, kuna mahali utahisi kwanza miguuni. Kiatu kinazama. Angalia chini, mchanga umekuwa mweupe kabisa kama wa ufuoni, na ukiinua macho msitu umefunguka, miti imeachana, mwanga unashuka mpaka chini na nyasi zimetokea. Umeingia kwa mirihi.

Mrihi ni ukoo mmoja na ile miti ya miombo ya kule Tabora na Iringa, kwa hivo mtu wa bara Tanzania akifika hapa anajihisi nyumbani. Mchanga huu mweupe ni maskini, hauna rutuba, maji yanapita tu, na mrihi ndo umekubali kuishi nao. Majani machanga yakitoka yanakuwa mekundu kama shaba, ukibahatika kufika wiki hizo utasimama katikati ya njia ushindwe kuendelea.

Hapa kutembea kunabadilika. Mchanga unavuta, kila hatua unatumia nguvu zaidi, fupisha hatua zako na utembee pembeni ya njia penye majani panapokuwa pagumu kidogo. Jua nalo linakupata. Kwa hivo ni hapa ndo unywe maji kwa mpangilio, mafunda matatu matatu kila baada ya dakika kumi na tano hivi, usingoje kiu.

Kwa watu wa ndege hapa ndo darasa. Kuna ndege hawa wa mirihi wanatembea kwa kundi, aina tofauti tofauti pamoja, wanapita juu kama maandamano: dakika ishirini hakuna kitu, alafu ghafla mti mzima unachezacheza. Ndani ya kundi hilo ndo mwongozaji atatafuta kwera wa Kilifi, yule wa manjano na mweusi ambaye duniani kote anaishi kaunti ya Kilifi tu, hapa na kule Dakatcha nyuma ya Malindi. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua anazalia wapi! Ilikuja kugunduliwa 2013 kule Dakatcha kwenye madimbwi yenye mimea ya majini. Mimi hiyo habari inanigusa sana, ndege wetu, jina letu, na hatukujua nyumbani kwake. Kuna na chozi wa Amani, mdogo, yuko juu kabisa mtini, shingo itauma.

Kundi likifika usikimbilie darubini. Simama, acha macho yazoee, chagua ndege mmoja umfuate huyo huyo mpaka umjue, wengine achana nao.

Ndovu: hii isome mara mbili

Kwenye mchanga mweupe ndo utasoma habari zao vizuri. Alama ya mguu ni duara kubwa, ukingo wake ukiwa mkali na mistari ya ngozi bado inaonekana ndani, amepita sasa hivi. Kama kuna majani yameangukia ndani au vidudu vimekatiza juu yake, ni ya jana. Kinyesi kikiwa na unyevu na nzi, punguza sauti. Kikiwa kimekauka na uyoga umeota, endelea na safari. Matawi yaliyovunjwa angalia ule mpasuko, mweupe na utomvu bado unatoka ni wa leo.

Mwongozaji akisimama na kuinua mkono, kila mtu anasimama hapo hapo, hata kama mguu uko hewani. Hakuna kuuliza "ni nini". Atachota mchanga kiganjani auachie taratibu aone unapeperuka kwenda wapi, huo ndo upepo, manake ndovu macho yake si makali sana lakini pua yake inakujua ukiwa mbali. Mtarudi nyuma polepole kwa njia mliyokuja, kwa kuzunguka upande ambao harufu yenu haimfikii. Usikimbie kabla hujaambiwa. Usipige picha kwanza. Nimerudishwa hivo mara mbili na mara zote mbili sikumwona ndovu hata mmoja, nilisikia tumbo lake tu likinguruma ndani ya kichaka hatua labda arobaini, na ile sauti hadi leo naisikia kifuani.

Nyoka wako lakini wanakukimbia. Usiingize mkono kwenye shimo, usivuke gogo bila kuangalia upande wa pili, moma yeye hakimbii, analala tu njiani kama kipande cha gome. Mtu akiumwa, mkalishe, asitembee, funga ule mguu na kijiti usitikisike, usikate, usinyonye, usikaze kamba, mpelekeni hospitali haraka. Watamu pale kuna Bio-Ken, watu wa nyoka kwa miaka mingi, wanajua habari za dawa ya sumu, mwongozaji wako anajua namna ya kuwapata.

Na upupu. Ukiona maganda yenye manyoya ya kahawia yanayong'aa yananing'inia, usiguse, usipite chini yake upepo ukivuma. Mtoto yeyote wa Kilifi anajua, wageni hawajui.

Mchanga mwekundu

Huu ndo mkubwa kuliko yote, zaidi ya nusu ya msitu, na ndo uko mbali zaidi kutoka barabarani. Hapa nitasema ukweli: ukitoka Gede kwa miguu ukataka kugusa mchanga wote mitatu na kurudi siku hiyo hiyo, safari inakuwa nzito si ya wastani tena. Ninachofanya ni hivi, tunamaliza mzunguko wa kijivu na mweupe kwa miguu asubuhi, alafu siku ya pili tunaingia na gari mpaka kwenye udongo mwekundu tunashuka tunatembea mzunguko mdogo wa saa moja na nusu. Kama mna gari mnaweza kugeuza, mkaanza huku alfajiri. Na mkiwa na gari fikeni mpaka Nyari, pale palipoinuka, mnaona msitu wote umelala chini na bahari kwa mbali.

Udongo unakuwa mwekundu ghafla kama umevuka mstari. Miti inakuwa mifupi, imesongamana, inaitwa mfunda na wenzake, na kuona mbele zaidi ya mita tano ni kazi. Hakuna upepo. Joto linakaa. Wengine hawapapendi, wanasema panabana, mimi nadhani hawajapewa muda.

Kwanza kuna muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri ambao wachongaji wetu wanaupenda kwa vinyago, na ndo maana visiki vyake ni vingi kuliko miti yenyewe katika sehemu nyingine. Ukinunua kinyago barabarani muulize muuzaji ni mti gani. Kuna miti ya kupandwa kama mwarobaini inachongeka vizuri tu.

Pili, humu ndo anakaa bundi wa Sokoke. Bundi mzima ana urefu wa sentimita 16 au 17, ukimweka kiganjani anatosha. Alijulikana kwa wanasayansi 1966 hapa hapa, na mbali na hapa amepatikana Usambara mashariki Tanzania. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na mchana wanalala wawili wamegusana bega kwenye tawi la chini kabisa ndani ya kichaka. Mwongozaji ataingia peke yake kwa tumbo karibu, wewe unangoja njiani. Atarudi akuite kwa kidole. Unaingia umeinama, unafika, anakuonyesha, huoni kitu, anakuonyesha tena, huoni, alafu jani moja linafungua jicho la njano.

Hapo masharti: dakika mbili, picha bila flashi, msizidi watatu kwa wakati mmoja, na mahali pale usipaweke kwenye mtandao. Wakisumbuliwa sana wanahama.

Kurudi, na mikoko

Njia ya kurudi mwongozaji atakupitisha nyingine isiyokuwa ile ya kuingilia, hapo ndo mzunguko unafunga. Utakutana na kina mama wanaokota kuni zilizoanguka. Wasalimie vizuri, shikamoo kwa aliyekuzidi, uwapishe njia, wamebeba mzigo. Usiwapige picha. Huu msitu ni wao kabla ya kuwa wangu na wako, na wanaoishi pembeni ndo wanaobeba gharama ya kuulinda. Ndo maana napenda watu wakimaliza wapite Gede magofuni, pale kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993: wakulima wa pembeni ya msitu wanafuga viwavi, wanauza mabundo, yaani kiwavi akishajifunga kabla hajatoka kipepeo, yanasafirishwa nje kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Wanunulie hata asali chupa moja. Na magofu yenyewe ya mji wa Waswahili wa zamani yana sengi wake pia ndani ya kuta, ukimkosa msituni jaribu pale.

Kama miguu bado ina nguvu, mchana ukipumzika, shuka Mida Creek ng'ambo ya barabara, kuna daraja la mbao la kamba linapita katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kuangalia ndege, pesa ya kiingilio inasaidia karo za watoto wa jirani na msitu. Angalia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Siku za bamvua maji hujaa jioni kama saa kumi au kumi na moja, kwa hivo ukifika kuanzia saa nane unakuta maji yanaingia na yanawasukuma ndege kuja karibu na kibanda. Siku za maji mafu, yale madogo, saa hizo yametoka, ndege wako mbali, utaona kaa tu. Kuanzia Agosti mpaka kama Aprili kuna wale ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wanazaliana kule Oman na Ghuba alafu wanakuja kukaa kwetu.

Ukifika unakolala vua nguo zote uzikung'ute nje, jikague kupe nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni, ukimpata mvute taratibu na kibano karibu na ngozi usimpake mafuta. Raba nazo zigonge ukutani kabla hujaingia ndani, mchanga ule unaingia mpaka kitandani.